MRI, CT au ultrasaundi ya ndani: saratani ya puru ipimwe kwa kipimo kipi?

Muuguzi_Zamu
Wakuu, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yametoka: saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Fomu ya mgonjwa imeandikwa MRI (picha za sumaku) ya nyonga na CT (picha za eksirei za vipande vipande) ya kifua na tumbo, vyote kwa mpigo. Ndugu wanauliza kwa nini walipie viwili, na kuna aliyewaambia ultrasaundi inayoingizwa njia ya haja kubwa inatosha. Tuwaelezeje?

Dkt_Picha
Havishindani hivyo. CT inatafuta saratani iliyosambaa: mapafu, ini, tezi za mbali. Picha zenyewe ni dakika chache tu. Udhaifu wake ni kwamba haitenganishi vizuri tabaka za ukuta wa puru.

Hapo ndipo MRI inapolipa gharama yake. Inaonyesha mafuta yaliyozunguka puru na utando mwembamba unaoyafunika, na daktari wa upasuaji hukata kwa kuufuata utando huo. Uvimbe ukiukaribia kwa milimita 1 au chini ya hapo, ukingo unahesabiwa uko hatarini, na mara nyingi mgonjwa huanzia kwenye mionzi na kemo (dawa za saratani) kabla ya kisu. MRI pia inaonyesha kama uvimbe umeingia kwenye mishipa ya damu nje ya ukuta. Kwa hiyo ifanyike kabla ya kupanga tiba.

Ultrasaundi ya ndani ina nafasi yake kwa uvimbe mdogo wa mapema: umeishia tabaka za juu au umefika kwenye msuli? Uvimbe uliobana njia, kifaa hakipiti.

mzaramo77
Na kama saratani iko juu zaidi, kwenye utumbo mpana wenyewe?

Dkt_Picha
Kwa kawaida CT inatosha kuanzia. MRI huitwa pale CT inapoona doa kwenye ini lisiloeleweka, na hiyo ni MRI ya ini, yenye dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa. Figo zipimwe kwanza. MRI ya puru kwa kawaida haihitaji dawa hiyo, kwa hiyo ndugu wasishangae wasipoiona kwenye risiti.

Fundi_Koili
Upande wa chumba cha MRI. Kipimo ni kama dakika 30 hadi 45, chali, na kifaa cha kupokea mawimbi kimefungwa juu ya nyonga. Kelele ni kubwa, ataziba masikio, na mkononi atakuwa na kitufe cha kuita. Mwenye hofu ya kubanwa aseme mapema. Kwa nyonga, mara nyingi inawezekana kutanguliza miguu.

Picha huharibika kwa sababu mbili hasa. Utumbo ukicheza, picha inakuwa na ukungu. Vituo vingi huchoma Buscopan, dawa ya kutuliza utumbo, miligramu 20. Mwenye presha ya macho ya pembe finyu au mapigo ya moyo ya kasi ataje kabla ya sindano, na baada yake asiendeshe bodaboda mpaka macho yatulie. Sababu ya pili ni gesi kwenye puru, inayopotosha picha za mtawanyiko wa maji, yaani picha za MRI zinazoonyesha maji yanavyosogea ndani ya nyama. Vituo vingine hutoa enema ndogo (dawa ya kusafisha puru) kabla.

Kosa letu sisi mafundi ni pembe. Vipande vya milimita 3 vinatakiwa vikate uvimbe kwa pembe mraba. Vikilala upande, ukuta unaonekana umevunjwa kumbe mzima.

Betri ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo na chembe za chuma machoni kwa wachomeleaji: vyote vitajwe siku ya kuweka miadi. Pini za mtandio zitoke mlangoni, maana sumaku haizimwi.

Muuguzi_Zamu
Baada ya mionzi wanarudia MRI?

Dkt_Picha
Ndiyo, mara nyingi wiki 6 hadi 8 baada ya kumaliza, au zaidi. Mapema mno, uvimbe unaoendelea kusinyaa utasomwa kama haujajibu tiba. Kovu huonekana jeusi, saratani iliyobaki huwa ya kijivu, lakini chembe ndogo ndani ya kovu MRI inaweza kuzikosa; ndiyo maana kidole cha daktari na kamera havikwepeki. Waje na CD ya picha za mwanzo. Ripoti ya karatasi peke yake haitoshi kulinganisha.