Meli za kitalii "za familia" zinatuficha mambo ya msingi, na sinyamazi tena

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Tangazo lilisema likizo ya familia, watoto bure, kila kitu kimo ndani ya nauli. Tumeshashuka, na bili ninayo hapa mezani. Kampuni siitaji, maana nilivyofuatilia nimegundua mchezo ni ule ule karibu kwa wote, wanazidiana viwango tu. Ninachotaka ni mzazi anayepanga kupanda hizi meli na watoto ajue anakwenda kukutana na nini, kwa sababu anayemuuzia tiketi hatamwambia.

Nianze na hilo la "watoto bure". Nauli ya meli hupigiwa hesabu ya watu wawili kwa chumba. Wa tatu na wa nne ndio wanaopunguziwa au kusamehewa, na wanachosamehewa ni nauli peke yake. Kodi na ada za bandari mtoto analipiwa kama wewe. Halafu kuna bakshishi ya kila siku, ambayo huhitaji hata kuitoa mkononi, inaingia yenyewe kwenye bili. Kwa kampuni kubwa za Marekani, vyumba vya kawaida, ni kama dola 16 hadi 20 kwa kichwa kwa siku. Baadhi huwasamehe wachanga wa chini ya miaka 2, lakini mtoto wa miaka mitano anahesabiwa kichwa kamili. Pigeni hesabu wenyewe: watu wanne, siku 7, kwa dola 16, ni dola 448. Hizo ni za mtoto "wa bure" na nduguye na wazazi wao.

Na mtu asije hapa akasema nawanyima wafanyakazi haki yao. Aliyekuwa anatusafishia chumba alikuwa anakuja asubuhi na jioni, na siku ya kupumzika sikuiona. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Watu hao wanastahili kila senti. Ninachouliza ni kwa nini malipo yao yasiwe ndani ya bei niliyoonyeshwa siku ya kwanza. Jimbo la California lilipobana kwa sheria iliyoanza Julai 2024 kwamba bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima, kampuni kubwa zilianza kuonyesha wateja wa Marekani bei yenye kodi na ada za bandari ndani yake. Kumbe inawezekana! Ila bakshishi ikaachwa nje kwa sababu wanaihesabu kuwa ni ya hiari.

Sasa bwawa. Hapa ndipo nilipochoka kabisa.

Mdogo wetu bado anavaa pampasi. Tulimnunulia zile za kuogelea makusudi kwa ajili ya safari hii. Siku ya kwanza baharini, keshavalishwa maboya ya mikononi, ndoo yake mkononi, mguu mmoja umeshagusa maji, mlinzi wa bwawa akaja mbio akatuzuia. Mtoto wa pampasi haingii, hata iwe ya kuogelea. Akatuonyesha kibao ukutani. Mtoto analia, anavuta mkono wangu kurudi majini, wakubwa wake wameshaingia majini kule, na mimi nimesimama na taulo nisijue nimweleze nini.

Kanuni yenyewe siipingi. Bwawa la meli ni dogo, maji ni yale yale yanayozungushwa, na mtoto mmoja akijisaidia humo watu wengi wanaweza kuharisha na bwawa likafungwa. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, na mabwawa ni sehemu ya ukaguzi huo. Ni sawa kabisa. Lakini hii ni kanuni inayojulikana miaka yote, wanaijua kabla hawajapiga picha za matangazo yao. Kwa nini mzazi aigundue mtoto akiwa ameshalowa? Zipo meli zenye kisehemu cha maji cha watoto wa pampasi, chenye mitambo yake ya kusafisha maji. Zipo nyingi zisizonacho. Ulizeni hilo kabla ya kulipa, na jibu liwe la maandishi.

Klabu ya watoto, ile sehemu ya melini ya kuwaachia wacheze wakiangaliwa, nayo ni hivyo hivyo. Kwa kampuni nyingi inaanzia miaka 3, na awe ameacha pampasi. Chini ya hapo unatafuta chumba cha wachanga, kama meli inacho. Kinalipiwa kwa saa na nafasi ni chache, ukichelewa siku ya kwanza umekosa. Watoto wetu wakubwa, kusema ukweli, walifurahi mno, kila siku tulikuwa tunawabembeleza watoke. Ila wanagawanywa kwa umri, kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kuwekwa vyumba tofauti, na ikipita saa nne usiku malipo ya saa yanaanza. Wenye mchanga wa chini ya miezi 6 msihangaike, kampuni nyingi hazimpokei kabisa, na kwa safari za kuvuka bahari kuu wanataka awe ametimiza miezi 12.

Chumba. Cha ndani kisicho na dirisha huwa na mita za mraba kama 14 hadi 17, na humo ndani mko wanne. Vitanda viwili vya watoto vinashushwa kutoka darini, ngazi inakaa katikati, na ukitaka kwenda chooni usiku unapapasa kuta, maana taa zikizimwa ni giza totoro hata kama nje ni saa sita mchana. Kwa kulala watoto ni kuzuri. Kwa kuishi, masanduku yasukumeni uvunguni na mkae nje.

Chakula hakina lawama. Bufee inafunguliwa karibu kutwa nzima, na mgahawa mkuu umo kwenye nauli. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure. Soda ni ya kulipia! Mmelipia familia nzima kula siku zote hizo, na soda ya mtoto inaandikwa kwenye bili, tena na bakshishi ya asilimia 18 au zaidi juu yake. Vifurushi vya vinywaji vina mtego: kampuni nyingi zinasema mtu mzima mmoja akinunua cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue, hata asiyekunywa. Mavazi msiumize kichwa, kaptura na fulana zinatosha, usiku mmoja au miwili watu hupendeza na si lazima.

Kadi ndiyo muiangalie sana. Pesa taslimu hazitumiki, kila mmoja anapewa kadi ya chumba, mtoto naye ana yake. Kwenye chumba cha michezo ya video kila akiigusisha kadi kwenye mashine ni pesa, na mtoto haoni pesa ikitoka. Siku ya kwanza nendeni mapokezi mkaombe kadi za watoto zifungwe zisinunue kitu. Mimi hakuna aliyeniambia kwamba huduma hiyo ipo.

Mengine kwa haraka. Nahodha anaweza kuruka bandari kwa sababu ya upepo, na mkataba unamruhusu, mtarudishiwa ada za bandari hiyo tu. Daktari wa melini analipiwa, na bei zake zinauma, kwa hiyo bima ya safari msiache. Simu iwekeni hali ya ndege, vinginevyo mtandao wa meli utawamaliza. Meli ikitoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kurudi, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na zoezi la dharura siku ya kupanda msilikimbie. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kupinduka Januari 2012 na watu 32 kufa, sheria inataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Watoto wanavishwa bangili yenye namba ya kituo chao cha kukusanyikia, hapo niliwapongeza.

Nilipolalamika mapokezi, dada wa watu alinisikiliza kwa adabu kisha akanifungulia mkataba wa safari, kurasa na kurasa za maandishi madogo, uliotumwa kwa barua pepe baada ya pesa kuingia. Kumbe kanuni ya pampasi imo humo. Nikamwandikia na wakala wetu aliyetuuzia, akajibu kwamba hakujua. Anauza safari za familia kila siku na hajui umri wa kuingia klabu ya watoto!

Ninachodai ni kidogo. Kwenye tangazo lenyewe, chini ya picha ya hao watoto wanaocheka, waandike umri wa klabu, kanuni ya pampasi, na bakshishi ya siku nzima kwa familia ya watu wanne. Mistari mitatu tu, tena kwa herufi zinazosomeka.

Waliopanda na watoto wadogo, tupeni taarifa hapa: meli yenu ilikuwa na sehemu ya maji ya watoto wa pampasi? Ilikuwa wazi siku zote au kwa saa maalumu? Na chumba cha wachanga mlilipa kiasi gani kwa saa?