RO au chujio la mitungi mitatu? Samaki wangu waja leo, waondoka leo

Kijana_wa_Ngamiani: Hodi jamvini. Niko Tanga mjini, nina tangi la samaki sebuleni tangu mwezi wa pili. Samaki wangu ni kama wanavyosemaga mji wetu, waja leo waondoka leo. Nimenunua mara tatu, nimezika mara tatu. Sasa nataka kufunga chujio la maji. Fundi mmoja ananishauri mashine ya RO, ile inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, mwingine anasema lile la mitungi mitatu ya plastiki linatosha, tena na sisi tutakunywa humo humo. Mwisho wa mwezi nanunua. Lipi bora?

Fundi_Bomba: Mkuu umeuliza nusu swali. Tangi lita ngapi? Samaki gani, wangapi? Maji ya bomba au ya kisima? Yanaingia moja kwa moja au yanapita kwenye simtanki?

Bi_Chumbageni: Na wanakufaje? Wote usiku mmoja baada ya kubadilisha maji, au wanadhoofika mmoja mmoja? Hayo ni maradhi mawili tofauti.

Kange_Juu: RO tu, usiwasikilize hao. Ninayo mwaka wa pili sasa, maji kama machozi.

Fundi_Bomba: Unafuga samaki gani mkuu?

Kange_Juu: Sifugi, nakunywa. Lakini maji ni maji.

Bi_Chumbageni: Haya makubwa. Kaka, RO inatoa karibu kila kitu kwenye maji, mpaka madini ambayo samaki anayahitaji. Ukimtia samaki kwenye maji matupu namna hiyo, uchachu wake unapanda na kushuka ovyo. Wanaotumia RO kwenye matangi huwa wanarudisha madini au wanachanganya na maji ya kawaida.

Fundi_Bomba: Tena kuna jambo wauzaji hawalisemi. Utando wa RO unataka msukumo wa baa 3 hivi ndipo ufanye kazi vizuri. Simtanki ikiwa juu ya mnara wa mita 3 inakupa baa 0.3, maana kila mita 10 za kimo ndiyo baa 1. Bila pampu ya kusukuma utakaa kitako unahesabu matone. Umeme ukikatika, pampu nayo imelala. Na mashine nyingi za nyumbani, kwa kila lita safi zinamwaga lita 3 au zaidi.

Kange_Juu: Hayo yanayomwagwa mke wangu anadekia. Hakuna hasara.

Kijana_wa_Ngamiani: Samahanini, nilikuwa kazini. Tangi ni lita 60. Samaki wa dhahabu saba na gapi kadhaa. Maji ya bomba. Wanakufa kidogo kidogo, siku mbili tatu baada ya usafi. Na usafi nafanya kweli kweli, kila Jumapili: nawatoa samaki kwenye ndoo, namwaga maji yote, nasugua vioo, sponji ya pampu naifikicha bombani mpaka inarudi rangi yake ya dukani. Ndiyo nashangaa.

Mzee_Sahare: Mwanangu, umenikumbusha msiba. Mwaka juzi nililetewa siklidi wanane kutoka Kigoma, wa ziwani hasa, wamesafiri kwenye mifuko ya oksijeni. Nikawatia kwenye tangi la lita 200, wakashika rangi, watu wakawa wanakuja kunitembelea utadhani nimeoa. Siku mbili kabla ya Idi nikaona sponji imejaa ule utelezi wa kahawia. Nikasema wageni wasinicheke. Nikaipeleka bombani, nikaifikicha mpaka ikawa nyeupe kama kanzu. Idi ikapita salama. Siku ya tatu maji yamekuwa kama tui jepesi, samaki wote wako juu wanatweta midomo wazi. Nikadhani ni hewa, nikaongeza pampu. Nikadhani ni uchafu, nikamwaga maji yote nikatia mapya kutoka bombani. Hapo ndipo nilipowamaliza. Kufika Ijumaa amebaki mmoja, naye chongo.

Ule utelezi ndio chujio lenyewe! Ni bakteria. Wanaichukua amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki, wanaigeuza naitraiti, wenzao wanaigeuza tena kuwa naitreti, ambayo haina ukali ule. Klorini ya maji ya bomba iliwaua bakteria hao, na kuwarudisha ni wiki 4 hadi 6. Sponji ioshe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka humo humo tangini, ikamue mara mbili tatu, basi. Maji badilisha robo tu.

Kijana_wa_Ngamiani: Kwa hiyo mzee unaniambia nisisafishe? Mama mkwe anakuja Jumamosi.

Bi_Chumbageni: Safisha kioo cha mbele mama mkwe aone. Na samaki wa dhahabu saba kwenye lita 60 ni daladala ya jioni, wale wanachafua kupita kiasi. Mimi ningefunga mtungi mmoja tu, ule wa mkaa unaoshika klorini, au hata huo nisifunge: maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima na pampu ya hewa, klorini inatoka. Ila ikiwa wameweka kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kulaza hakusaidii.

Fundi_Bomba: Mitatu ina faida yake. Ule wa kwanza wa mikroni 5 unashika tope. Maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na masika mimi nimefungua mtungi wa mteja nikakuta kichujio kimekuwa chokoleti. Mkaa usipokingwa unaziba upesi.

Kange_Juu: Mkaa si tuchome vifuu wenyewe, nazi zimejaa Tanga?

Fundi_Bomba: Wa vichujio mara nyingi ni wa vifuu kweli, lakini unapitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 800 na zaidi ili ufunguke vitundu. Wako wa jikoni utakupa maji meusi.

Kijana_wa_Ngamiani: Niongeze moja, nisije nikaonekana nilificha. Bomba likikatika nanunua madumu ya mkokoteni. Birika letu limeshika ukoko mweupe.

Mzee_Sahare: Eeh! Hayo ni ya kisima basi. Huku kwetu chini ni mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yametoka wapi? Wiki hii unawapa maji laini, wiki ijayo mazito ya chokaa. Hata mimi ningekufa.

Kange_Juu: Si afuge samaki wa baharini tu? Bahari hii hapa, aokote na matumbawe.

Bi_Chumbageni: Matumbawe hayaokotwi, utaitwa ukaeleze. Au mletee silikanti kabisa, yule samaki wa kale wa kilindini, Tanga tuna hifadhi yake tangu 2009.

Mzee_Sahare: Silikanti kwa kawaida anakaa kina cha zaidi ya mita 100, na ni mrefu kuliko kochi lake. Kijana nunua vijikaratasi vya kupimia amonia kwanza, chujio baadaye.

Kijana_wa_Ngamiani: Nimewasikia wote. Ila sasa hivi fundi kanipigia, kuna mtu anahama anauza RO yake nusu bei. Ngoja nikaione.

Fundi_Bomba: Uliza kama ina pampu!

Bi_Chumbageni: Ameshatoka huyo.