Chemsha bongo na meme kwenye blogu: nipachike vipi bila kuharibu ukurasa?

Uyole_Juu:
Habari za jioni wadau. Nina blogu ya Blogger, wasomaji wengi ni vijana wa Mbeya na Songwe wanaotumia simu na bando la siku. Nataka kila Ijumaa niweke chemsha bongo moja kuhusu Nyanda za Juu Kusini na meme mbili tatu. Vinavyonisumbua ni hivi: msimbo wa matokeo niliounakili kwenye tovuti moja ya majaribio unaonyesha kisanduku kitupu badala ya picha, fomu ya Google inazidi upana wa skrini ya simu, na meme ninazotoa kwenye magrupu ya WhatsApp zina ukungu, maandishi hayasomeki. Na je, meme ya mtu mwingine naruhusiwa kuiweka tu?

Fundi_Mafiati:
Mkuu, kisanduku kitupu maana yake picha haiko kwako. Ndani ya ule msimbo kuna `<img src="http://...">` inayoita picha kutoka seva ya mwenye tovuti. Akiifuta, akibadilisha anwani au akizuia wengine wasichote picha zake, kwako panabaki pengo. Tena misimbo ya zamani ni http bila s, na blogu yako iko https; seva yake isipokuwa na njia salama, kivinjari kinaikataa picha. Soma pia mwisho wa msimbo. Mara nyingi kuna kiungo kimefichwa kwa herufi ndogo kinachokwenda kwenye mikopo au kamari, na Google inavihesabu viungo hivyo kuwa hila. Futa msimbo wote. Andika matokeo kwa maneno yako, kisha weka kiungo kimoja cha wazi kwenda kwenye jaribio lenyewe.

Fomu nayo inakuja na `width="640"`, wakati simu nyingi kwa hesabu ya kivinjari zina upana wa 360 hadi 412. Badilisha iwe `width="100%"`, na ubandike ukiwa kwenye mwonekano wa HTML. Height, yaani urefu, usiibane: ukiweka 500 na maswali yanahitaji 1500, msomaji anapata miburuzo miwili, wa ukurasa na wa fomu, kidole kinakwama katikati na anaondoka. Maswali matano kwa fomu yanatosha. Kwenye mipangilio, alama zitolewe papo hapo baada ya kutuma. Ukichagua zitolewe baadaye, fomu inaanza kukusanya barua pepe. Na ukiweka kikomo cha jibu moja kwa mtu, kila msomaji analazimika kuingia kwenye akaunti ya Google. Hapo unawafukuza mwenyewe.

Ila kwa watu wa bando la siku, mimi ningeacha fomu kabisa na kuandika hivi:

`<details><summary>Kimondo cha Mbozi kiko mkoa gani? Gusa uone</summary>Songwe</details>`

Hakuna kinachopakuliwa zaidi ya maneno hayo. Hasara yake ni kwamba haihesabu alama, na kivinjari cha kizamani kisichoitambua kitaonyesha jibu wazi.

Dada_Kihesa:
Fundi amegusa Kimondo, na mimi nikazie hapohapo. Maswali mengi yanayozunguka mtandaoni yamebeba majibu yaliyopitwa na wakati. Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, Songwe ukatoka Mbeya mwaka 2016. Ukinakili swali la kabla ya hapo, utamkosesha alama msomaji wa Vwawa anayejua mkoa wake, na hatarudi. Hifadhi ya Kitulo wengine bado wanaiandika Iringa. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Ni swali zuri la mtego, lakini jaza maelezo kwenye sehemu ya mrejesho wa jibu, la sivyo maoni yote yatakuwa ubishi.

Maswali ya kuandika jibu yaepuke. Ukiuliza nani aliongoza Wahehe pale Lugalo mwaka 1891, mmoja ataandika Mkwawa, mwingine Mtwa Mkwawa, mwingine Chifu Mkwawa, na fomu inalinganisha na ulichokiweka tu. Tumia ya kuchagua, na majibu ya uongo yawe ya karibu: Mirambo, Isike, Kinjekitile. Ukiweka Mandela hapo umeshatoa jibu.

Yale majaribio ya "wewe ni mtu wa aina gani" yanayodai uingie kwa Facebook, kaka, usiyasambaze. Mwaka 2018 ilibainika kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 zilifika kampuni ya ushauri wa siasa ya Cambridge Analytica kupitia programu ya jaribio la haiba la namna hiyo, na waliojaza wenyewe walikuwa sehemu ndogo. Wengine walikuwa marafiki zao tu. Hata bila kuingia popote, maswali ya shule ya kwanza, jina la ukoo wa mama au tarehe ya kuzaliwa ni yaleyale yanayotumika kurudisha akaunti iliyopotea. Na ukikusanya majina na namba za simu kwa ajili ya zawadi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Chukua kinachohitajika tu, useme cha nini, ukimaliza ufute.

Picha_Tukuyu:
Ukungu unatokana na kubanwa mara nyingi. Kila picha inapotumwa WhatsApp inabanwa upya, mtu anapiga skrinshoti, anatuma tena. JPEG huharibika kwanza pembeni mwa herufi, ndiyo maana sura inaonekana na maandishi hayasomeki. Kuongeza ukali hakusaidii. Tengeneza upya: upana pikseli 1080, mistari miwili ya maneno, herufi nyeupe nene zenye ukingo mweusi. Picha ya kamera ihifadhi JPEG ubora 75 hadi 80. Mchoro wenye rangi bapa, PNG yenye rangi 64. Tovuti ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Lenga chini ya KB 100. Ukimtumia mwenzako meme uliyoitengeneza, itume kama hati, haitabanwa. Na maneno ya meme yaandike pia chini ya picha, apate kusoma asiyeona vizuri.

Kuhusu ruhusa: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 picha ina mwenyewe, na kutaja jina lake si sawa na kuomba. Kukata alama ya mtengenezaji ni vibaya zaidi. Picha ya mama muuza ndizi pale Mwanjelwa ukaiwekea maneno ya kumcheka, usithubutu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata isingekuwepo, yule ni mama wa mtu. Watoto kabisa usiwaguse. Piga zako, huku vichekesho havikosekani: gunia la viazi la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, limeegemea ukuta, juu "Mnunuzi: Nimechukua gunia moja tu", chini "Mizani: Hebu rudia". Hakuna sura ya mtu, na kila mkulima wa Rungwe hadi Makete ataelewa.

Uyole_Juu:
Asanteni sana. Fundi, ile details nimeibandika, nikirudi mwonekano wa kawaida inavurugika.

Fundi_Mafiati:
Mwonekano wa kuandikia unaweza kupanga msimbo upya. Andika makala yote kwanza, hamia HTML, bandika maswali, chapisha ukiwa hukohuko. Kisha fungua ukurasa kwa simu kwenye dirisha fiche (incognito): fomu ikidai uingie, rudi uondoe kile kikomo cha jibu moja.