Binti amepata leseni: nimwachie gari?

Mzazi wa Kibaha: Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 18 amepata leseni mwezi uliopita, na sasa anaomba gari aende Morogoro na wenzake watatu. Nimruhusu?

Jibu: Bado, ndugu yangu, kwa kuwa kelele za wenzake humwondolea dereva mpya umakini kuliko hata redio, kaa naye mbele miezi kadhaa, mchana kwanza, kisha usiku na wakati wa mvua.

Jibu: Naafiki. Mwanangu, hodari kweli mjini, alitaka kulipita lori karibu na Chalinze penye mstari usiokatika, asijue kwamba nyuma yake lilikuwa na trela. Simu nayo ikae kwenye buti.

Mzazi wa Kibaha: Ahsanteni. Jumamosi tutakwenda wawili hadi Mlandizi, na penye makazi hazidishi kilomita 50 kwa saa.