Waranti 200 na opsheni moja: nitumie haki au niuze?

Mwanahisa_Ngara:
Wadau, habari za jioni. Kwa broka wa Marekani nina waranti 200, yaani haki za kununua hisa kwa bei iliyopangwa, za kampuni iliyoingia sokoni kwa kuungana na kampuni-ganda (isiyo na biashara yake, iliyoundwa ili kuungana na nyingine). Bei iliyoandikwa ya kununulia hisa ni dola 11.50, hisa iko 14.20, na waranti yenyewe inauzwa 3.10. Pia nina opsheni moja ya kununua hisa za kampuni nyingine kwa dola 50 kila moja, inaisha Ijumaa hii. Hisa yake iko 53. Nikitumia haki yangu, nini hasa hufanyika? Na hivi vitu viwili vinatofautianaje?

Karani wa Hisa:
Uliza kwanza hisa zinatoka kwa nani. Waranti hutolewa na kampuni: ukiitumia, pesa zako zinaingia kwa kampuni, nayo inatoa hisa mpya, kwa hiyo fungu la kila mwenye hisa linapungua. Opsheni ni mkataba na mwekezaji mwingine, na OCC, taasisi ya Marekani inayosimamia malipo ya opsheni, ndiyo inayoudhamini. Hisa utakazopewa zilikuwepo tayari. Kampuni haipati hata senti. Kwa hapa kwetu, jamaa wa karibu wa waranti ni toleo la haki, yaani kampuni kuwauzia wanahisa wake hisa mpya, kama la HF Group mwaka 2024, hisa mbili mpya kwa kila moja kwa Sh4, ila lenyewe hudumu wiki chache tu.

Sasa hesabu. Ukitumia waranti zote unalipa 200 × 11.50 = dola 2,300. Faida ya papo hapo ni 2.70 kwa kila moja, jumla 540. Ukiziuza unapata 620. Hata kama unazitaka hisa, uza waranti, ongeza 2,220, ununue hisa 200 kwa 2,840. Umeokoa dola 80 kabla ya ada. Hizo 80 ni thamani ya muda uliobaki, na ukitumia haki mapema unaitupa.

Mwanahisa_Ngara:
Kwa hiyo nikae nazo tu hadi ziishe?

Bi Daftari:
Hapana ndugu, hapo ndipo watu huumia. Waranti za aina hiyo huwa na uhai wa miaka 5 tangu muungano, lakini kampuni huwa imejiwekea haki ya kuziita mapema. Sharti la kawaida: hisa ifunge kwa dola 18 au zaidi katika siku 20 kati ya 30 za biashara. Notisi ni siku 30, na baada ya hapo kila waranti hukombolewa kwa dola 0.01. Ukilala, dola zako 1,300 na zaidi (18 kutoa 11.50, mara 200) zinageuka dola 2. Fungua mkataba wa waranti kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, usisubiri barua pepe ya broka.

Ukiamua kutumia haki, mpigie broka au umwandikie. Mara nyingi hakuna kitufe. Dola 2,300 ziwe zimeshafika kwenye akaunti, na pesa kutoka benki ya Nairobi zinaweza kuchukua siku kadhaa. Hakikisha pia waranti moja inakupa hisa nzima, si nusu, na kwamba usajili wa hisa hizo kwa SEC bado uko hai. Kampuni ikiruhusu kutumia bila kulipa taslimu, yaani ulipwe faida yako kwa hisa, kwa kanuni ya kawaida utapata 540 ÷ 14.20, yaani hisa 38. Vipande hukatwa.

Karani wa Hisa:
Opsheni nayo haingoji. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo uwe na dola 5,000. Ikiisha ikiwa na faida ya senti 1 tu, OCC huitumia yenyewe usipokataza. Huna pesa? Broka wengi huiuza kwa nguvu saa chache kabla ya soko kufungwa, kwa bei yoyote. Iuze mwenyewe mapema. Soko la New York hufungwa saa tano usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, saa sita wakati wa baridi.

Kuitumia kabla ya siku ya mwisho kuna maana karibu mahali pamoja tu: gawio likizidi thamani ya muda iliyobaki, siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio hilo.

Mwanahisa_Ngara:
Nimeuona mkataba. Dola 18, siku 20 kati ya 30, vilevile. Opsheni nauza kesho.