Ushauri: nifuate asilimia za wahakiki au nimsikilize mzee wangu?

Binti_wa_Kurasini

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu. Wengine mtaliona jambo hili dogo, kwangu lina uzito.

Baba yangu alifanya kazi bandarini Dar miaka 31. Mwaka jana alivunjika nyonga na tangu hapo hatoki sana. Mama alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo nikirudi kazini jioni tunakaa wawili tunaangalia tamthilia. Ndiyo saa yetu.

Aliimaliza Sultan yote, ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipoisha nyumba ikapoa kama kumetoka mgeni. Nikaanza kumtafutia nyingine mtandaoni na nikawa nachagua kwa asilimia za wahakiki tu, chini ya 90 sigusi. Nimeshamaliza mabando kwa tamthilia tatu za namna hiyo. Ya kwanza, siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wataongea mpaka lini?" Ya pili aliivumilia kwa ajili yangu, nilimwona. Ya tatu aliinuka katikati akaenda kulala saa mbili na nusu, mtu ambaye taarifa ya habari haijawahi kumpita.

Halafu jirani akaja na flashi yenye tamthilia ambayo wahakiki wameiponda vibaya. Mzee akaiangalia sehemu nne mfululizo na bado akauliza kama kuna nyingine.

Sasa nimefika kwenye The Wire, tamthilia ya Kimarekani ya polisi na wauza dawa za kulevya katika mji wa Baltimore. Kila ninaposoma, inasifiwa. Lakini ni sehemu 60 na wanasema inakwenda taratibu. Kiingereza cha mzee ni cha kazini, maandishi ya chini anayasoma yasipokimbia. Nianze au niache? Na hawa wahakiki hasa wanapima nini?

Mtama_Mweupe

Pole kwa mzee, Mungu amponye.

Nianze na hiyo asilimia, maana wengi tunaisoma vibaya. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, 95 haina maana kwamba tamthilia imepata alama 95 kati ya 100. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, 95 wamesema inafaa. Aliyesema "inafaa, si mbaya" na aliyesema "sijaona kama hii maishani" wanahesabiwa sawa, kila mmoja kura moja. Kwa hiyo kitu cha wastani ambacho hakuna aliyekichukia kinaweza kufika 95, na kitu chenye moto, ambacho nusu wamekipenda mno na nusu wamekikataa, kikabaki 50 na kuwekewa alama ya nyanya iliyooza, kwa sababu mstari wao ni 60.

Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wao wanachukua alama zenyewe na kutafuta wastani, huku baadhi ya wahakiki wakipewa uzito zaidi ya wengine. Hapo utaona tofauti: tamthilia ina 96 kule, huku ina 74. Ukikutana na hali hiyo ujue watu wengi wameipenda kiasi tu.

Ulipokuwa unachagua 90 kwenda juu, ulikuwa unachagua vitu visivyomkera mhakiki. Mzee hakuwa anatafuta hicho.

Pwani_Mchangani

Dada yangu, mimi ntakwambia kwa upande wa hiyo Sultan aloipenda mzee. Kwao Uturuki ilipoanza mwaka 2011 ililalamikiwa khasa, malalamiko kwa maelfu yalipelekwa kwenye mamlaka ya utangazaji. Mwaka 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliisema hadharani, kwamba Sultan Süleyman maisha yake aliyapitisha juu ya farasi vitani, si ndani ya kasri kama inavyooneshwa. Na ikaendelea mpaka 2014, ikavuka bahari ikafika mpaka sebuleni kwenu. Hukmu ya wakubwa haikumzuilia mzee kumpenda anayempenda.

Muache aangalie ya jirani. Mtu anauguza mfupa, mpe kinachomfurahisha.

Fundi_Antena

Siafiki kwamba wahakiki wapuuzwe. The Wire yenyewe ilikuwa ife. Ilianza kwenye HBO, televisheni ya kulipia ya Marekani, mwaka 2002, watazamaji hawakuwa wengi, na kwa miaka yote mpaka inaisha 2008 haikupata hata Emmy moja, tuzo kubwa ya televisheni kule kwao. Walioishikilia ni wahakiki, waliokuwa wanaandika kila msimu wakiwasihi watu waiangalie. Bila wao, Binti, leo usingelijua hata jina lake.

Jibu langu: anza sehemu ya kwanza, msimu wa kwanza, mpe mzee sehemu nne. Aliyeitunga, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu Baltimore kwa miaka mingi, na mwenzake Ed Burns alikuwa polisi kisha mwalimu mji huohuo. Kila kitu kimewekwa mahali pake. Usiruke hata dakika.

Nyota_ya_Minnesota

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Nyongeza mbili.

Mara nyingi mhakiki anatumiwa sehemu chache kabla tamthilia haijarushwa, anaandika kwa hizo. Asilimia unayoiona inaweza kuwa hukumu ya mwanzo tu, mwisho hakuna aliyeuona. Ndiyo maana tunabebwa na sifa halafu tunatupwa njiani.

Na msifikiri ni wahakiki peke yao wanaopishana na watu. Msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones, mwaka 2019, mashabiki zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka urudiwe upya, wahakiki nao wengi hawakuridhika, na mwaka huohuo ukachukua Emmy ya tamthilia bora. Kama majaji, wahakiki na watazamaji hawapatani kwa kitu walichokiona wote, namba moja itakusaidiaje?

Ninachofanya mimi: nina mhakiki mmoja ninayemsoma miaka sasa. Sikubaliani naye mara nyingi, ila najua anapenda nini na anachoshwa na nini. Akiandika "mazungumzo ni matamu, matukio machache" najua mama yangu hataitaka. Soma maneno, dada. Namba haina habari na baba yako.

Mzee_wa_Kilindini

Hamjambo. Mimi ni wa Mombasa, nilitumika bandari ya Kilindini hadi kustaafu, na nimesoma uzi wote nikingoja mtu aseme jambo moja. Hakuna aliyesema.

Binti, msimu wa pili wa The Wire wote ni bandari.

Ni makuli wa Baltimore. Kazi imepungua, vijana wanapata siku mbili tatu za kazi kwa juma, wazee wanakaa baa wakihesabu meli zisizokuja. Kiongozi wa chama chao, Frank Sobotka, anachukua pesa za wasafirisha magendo ili awape wanasiasa, wakubali kuchimba mfereji meli kubwa ziingie na gati la nafaka lifunguliwe tena. Kontena linashushwa, linafutwa kwenye kompyuta, limepotea. Siku moja wanafungua kontena wanakuta wanawake 13 wamekufa ndani. Kuna mahali Frank anaoneshwa filamu ya bandari ya Rotterdam inavyoendeshwa na mitambo, mtu huoni. Mimi hapo nilizima televisheni nikatoka nje kidogo.

Nakumbuka watu wengi waliulalamikia msimu huo, kwamba umewatoa mitaani na kuwapeleka kwa wabeba mizigo. Kwangu ndio bora kuliko yote, kwa sababu ninaijua ile kazi. Baba yako pia aijua.

Fundi_Antena

Mzee wangu, heshima kwako. Lakini akiruka msimu wa kwanza hatajua polisi ni nani na wanamtafuta nani.

Mzee_wa_Kilindini

Amsimulie kwa mdomo. Kuna polisi aitwaye McNulty, amewaudhi wakubwa wake, wakamtupa kwenye boti ya doria bandarini. Msimu wa pili unaanza yuko humo majini. Yamtosha kuanzia. Na maandishi yakikimbia, simamisha, mfasirie, endelea. Ni sehemu 12 tu.

Binti_wa_Kurasini

Nimesoma kila jibu, na la Mzee wa Kilindini nimelisoma mara tatu. Asanteni sana. Ijumaa natia bando.

Binti_wa_Kurasini (siku 9 baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Siku ya kwanza nilimsimulia huyo polisi wa boti, nikawasha. Yalipotokea makontena tu akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akaniambia nisimamishe picha. Akanyoosha mkono akaanza kunionesha: hapa anasimama karani wa kuhesabu mizigo, hapa genge linasubiri, huyu amesimama vibaya, winchi ikiteleza hana mguu. Sehemu ya saa moja ilituchukua saa mbili na nusu.

Amenisimulia mambo ambayo kwa miaka yote hii sijawahi kuyasikia. Kabla kontena hazijazoeleka, walivyobeba magunia kwa genge, na magenge yalivyopunguzwa mpaka wengine wakarudi vijijini kwao. Amewataja kwa majina. Wawili nilikuwa nawajua kama watu wa kuja kutusalimia sikukuu, sikujua walipakua meli pamoja. Yule Frank anamwita "katibu". Anamkasirikia anapochukua zile pesa, na papo hapo anamtetea.

Kiingereza kile kigumu kwangu kuliko kwake. Mambo ya kazi yeye anayaelewa hata kabla maandishi hayajatokea.

Jana amempigia simu rafiki yake mmoja wa zamani, anakuja Jumamosi waangalie pamoja. Nimeomba kazini nitoke mapema nipike.

Tumebakiza sehemu 4. Tukimaliza twende msimu wa tatu, au turudi wa kwanza?

Fundi_Antena

Rudini wa kwanza, dada. Na mpe mzee salamu zangu.

Mzee_wa_Kilindini

Wa kwanza. Muulize kwanza, katika gati walikuwa wakimwita nani. Huenda nalijua jina lake.