Mjadala: Asiyewahi kuhisi mahaba maishani aachwe alivyo, au ukoo una haki ya kumsukumia ndoa?

Wadau, salaam. Hoja hii naileta nikiwa mhusika, kwa hiyo msitegemee nikae katikati. Nina miaka 37, mzaliwa wa Tanga, mhasibu, makazi Dar es Salaam. Tangu nipate akili sijawahi kumpenda mtu kimahaba. Sijatendwa, sina kinyongo na wanaume, wala sisubiri wa kwangu. Ile hali mnayosimuliana, ya mtu kukosa usingizi kwa kumuwaza mtu, moyo kuruka simu inapolia, kununa siku nzima kwa sababu ujumbe haukujibiwa, mimi naijua kwa kuhadithiwa tu, kama mtu wa bara anavyoijua bahari kabla hajaiona. Siku hizi hali hii ina jina, watu huiita aromantiki. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga mlango nikalia, kwa sababu miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: aromantiki na kukosa matamanio ya mwili ni mambo mawili tofauti, na wapo wenye hili bila lile. Ya mwili wangu siyaweki hadharani. Hapa tunazungumzia mahaba.

Wiki mbili zilizopita familia ilikaa kikao juu yangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alisema mwanamke si wa kujikalia, ukoo una haki naye, na kwamba ameshapata mtu, mfanyabiashara mwenye nyumba zake, ninachotakiwa ni kuitikia. Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwepo na hakusema neno. Mama aliinamisha kichwa. Niliomba muda, nikapewa hadi kikao cha pili.

Swali langu kwenu: je, ukoo una haki hiyo? Mimi nasema hauna. Na nadai zaidi ya hapo: mtu akisema hana mahaba, aaminiwe, asitafutiwe dawa.

Nasema dawa kwa sababu pwani tuna jibu tayari kwa mtu kama mimi: ana jini mahaba. Nilipofika miaka 27 mama alinipeleka kusomewa. Nilifukizwa ubani, nikaogeshwa maji ya waridi, nikanywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, siku saba mfululizo. Kila asubuhi mama alinitazama usoni, namna mtu anavyomtazama mgonjwa kuona kama homa imeshuka. Nilikunywa kwa sababu nampenda mama yangu kuliko kitu chochote chini ya jua. Baadaye mfanyakazi mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akanichukua kwenye maombi, na huko nikaambiwa ni mume wa kiroho. Dini mbili, ugonjwa ule ule. Simdharau aliyenisomea. Qur'ani ni tulizo langu hadi leo. Ninachokataa ni kuitwa mgonjwa kwa kitu kisichoniuma. Kilichoniuma ni yale macho ya mama siku ya nane, nilipomwambia sijabadilika.

Lugha yetu nayo inanipa tabu na msaada kwa pamoja. Tuna upendo, tuna huba, tuna ashiki, tuna mahaba, kila neno na mahali pake. Lakini kitenzi tunachokitumia kila siku ni kimoja, kupenda, na kinabeba yote. Nampenda mama, napenda pweza wa nazi, nampenda fulani. Kwa hiyo nikisema sijawahi kumpenda mtu, msikilizaji anasikia kwamba sina moyo. Hapana. Nimemuuguza baba yangu miezi minane hadi alipofariki mwaka 2009. Nimesomesha wapwa wawili. Upendo ninao, mahaba ndiyo sina.

Na jamii inajua upendo huo upo, kwa sababu inautumia. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi tisa. Kwa nini mimi? "Wewe huna mume wa kukuuliza unarudi saa ngapi." Mgonjwa akilazwa, wa kulala naye hospitali ni mimi. Mwisho wa yote napewa kadi ya singo, wakati mchango wangu ulizidi wa kadi ya dabo. Silalamikii kadi, nalalamikia kwamba muda wangu unahesabiwa kuwa wa wote, lakini maisha yangu yanahesabiwa kuwa bado hayajaanza.

Karibuni tujadiliane.

*

Nimerudi. Nimesoma michango yote, hata ile ya matusi. Nitajibu iliyonifikirisha.

Wengi mmesema haya ni mambo ya Wazungu. Jina ndiyo, nakubali, limetoka huko. Lakini mtu hakutoka huko. Kila mtaa niliokulia ulikuwa na bibi ambaye kwa hiari yake hakuolewa, akalea watoto wa wenzake, akafa anaheshimika. Hatukumuuliza anahisi nini. Na hao Wazungu wenyewe hawakulijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alichapisha utafiti wake kuhusu hali ya kuzama katika mahaba, na katika kuhoji watu akakuta wapo ambao hawajawahi kuipata hata mara moja. Yeye mwenyewe hakuwa anawatafuta.

Mdau mmoja akanijibu kwa takwimu, namshukuru kwa kuja na hoja. Alisema Jankowiak na Fischer, mwaka 1992, walipitia maandishi ya jamii 166 wakakuta dalili za mapenzi ya kimahaba katika jamii 147, kwa hiyo mahaba ni maumbile ya binadamu. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini walichohesabu ni jamii. Ukikuta wavuvi katika vijiji 147 kati ya 166, hujathibitisha kwamba kila mwanakijiji anavua.

Mwingine akasema hii ni njia ya kuficha ushoga. Ndugu, mimi sihisi mahaba kwa mwanamume wala kwa mwanamke, na nimeliandika hilo kwa maana yake halisi. Neno lenyewe linanisikitisha. Bibi yangu alikuwa na shoga yake wa miaka hamsini, walipika pamoja, walizika pamoja, na Tanga nzima ilijua shoga ni rafiki wa mwanamke. Leo mwanamke akimwita mwenzake hivyo mtandaoni lazima aongeze maelezo. Tumepoteza neno la urafiki, na nahofia tunaupoteza na urafiki wenyewe.

Sasa ya dini, maana hapa ndipo mjomba anaposimamia. Ustadhi mmoja humu alieleza vizuri: ndoa ni nusu ya dini, na Sura ya Rum aya ya 21 inataja mapenzi na huruma. Akaongeza riwaya inayosimuliwa kuhusu Sayyidna Umar, khalifa wa pili: mtu alipotaka kumwacha mkewe kwa kuwa hampendi, Umar akamuuliza, kwani nyumba zote hujengwa kwa mapenzi? Yaani olewa tu, mahaba si sharti. Hoja hii ni nzito, na inaniunga mkono kwa nusu: inakubali kwamba nyumba inaweza kusimama kwa huruma na ahadi. Lakini kuwezekana si kulazimika. Katika Minhaj, kitabu cha fiqhi (sheria za Kiislamu) cha Imamu Nawawi, ambacho sisi wa madhehebu ya Shafi tunakitegemea, asiye na haja ya ndoa na hana uwezo, kwake ndoa ni makuruhu, yaani jambo lisilopendelewa. Mwenye uwezo bila haja, si makuruhu, ila ibada ni bora zaidi. Imamu mwenyewe alifariki mwaka 1277 bila kuoa. Sisemi alikuwa kama mimi, yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake. Nasema hakuna aliyemwita nusu mtu.

Ustadhi akarudi: hayo yanamhusu mwanamume. Sawa, tuzungumze mwanamke. Katika fiqhi hiyo hiyo, mwenye ijbari juu ya bikira, yaani mamlaka ya kumuozesha bila idhini yake, ni baba, na akikosekana, babu mzaa baba. Wote wawili wangu wametangulia mbele ya haki. Ami ni walii, yaani msimamizi wa kuniozesha, lakini hana ijbari, hawezi kuniozesha bila idhini yangu. Na mjomba, kaka wa mama, katika ndoa hata si walii. Mtu anayenipigia meza kikaoni kwa jina la dini, dini haijampa kiti hicho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja. Kwa ndugu zangu Wakristo mliouliza, someni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7. Paulo anasema wazi kwamba ni vema asiyeoa akae kama yeye.

Mchango ulioniweka macho usiku ni wa kaka mmoja wa Mwanza. Ameoa miaka kumi na moja. Mwaka wa sita mkewe alimwambia: nakuheshimu, wewe ni baba mwema, lakini hiki kitu mnachokiita mahaba sijawahi kukihisi kwako wala kwa mwingine. Kaka anasema tangu siku hiyo kila anaposhikwa mkono anajiuliza kama ni huruma. Akamalizia kwa kusema watu kama mimi tunaharibu maisha ya wenzetu.

Kaka, sikubishii maumivu yako. Ulikuwa na haki ya kujua kabla ya posa. Lakini jiulize mkeo alisukumwa na nani, na angemwambia nani wakati hakuwa hata na jina la kitu chenyewe. Mimi nilichumbiwa nikiwa na miaka 31, na mwalimu aliyefiwa na mkewe, mtu mstaarabu. Nilimweleza ukweli wote, kama nilivyowaeleza ninyi. Alikaa siku mbili akaniambia, "Mimi nataka kupendwa." Alikuwa na haki. Ameoa, ana mtoto, na Idi hututumia salamu. Fikirieni kama ningemnyamazia kwa kuogopa kikao. Leo angekuwa anaandika alichoandika kaka wa Mwanza. Huyu mfanyabiashara wa mjomba hajaambiwa lolote, na mjomba hana nia ya kumwambia. Kwa hilo peke yake kikao kinakosea, hata mngeniweka mimi pembeni.

Wapo watakaoambiana ukweli, wakakubaliana, wakaoana kwa huruma na heshima. Sina neno nao.

Wale mliouliza nani atanitunza uzeeni: naishi na rafiki yangu, mjane mwenye watoto wawili, mwaka wa saba sasa. Kodi tunagawana, watoto wananiita mama mkubwa. Nilipofanyiwa upasuaji, aliyelala chini kwenye mkeka ni yeye. Ila kwenye fomu ya bima kazini kwangu kuna nafasi ya mwenza, watoto na wazazi. Yeye hana nafasi. Siku ile ya upasuaji walitaka ndugu wa damu asaini, akapigiwa simu binamu ambaye hatujaonana miaka mitatu. Hapo ndipo ningetaka mjadala wa kitaifa, kuliko nani aolewe lini. Kwa sasa nimefanya ninaloweza: nimeandika wasia, na kwa sheria yetu ya Kiislamu asiye mrithi anaweza kuusiwa hadi theluthi moja. Mwenye hali kama yangu asingoje.

Kuna aliyependekeza niishi na rafiki wa kiume ili watu wanyamaze. Dada, angalia kifungu cha 160 cha ile Sheria ya Ndoa ya 1971: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, sheria huchukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mdau wa Mombasa akatukumbusha kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya, Januari 2023, ilisema dhana hiyo ya kuwachukulia watu kuwa wameoana itumike kwa nadra, na ikatambua kwamba wapo watu wazima wanaoishi pamoja kwa muda mrefu bila nia wala hamu ya ndoa. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Sikutarajia kujikuta hata pembeni kidogo ndani ya hukumu ya mahakama.

Kijana wa miaka 22 aliyeniandikia kwa siri, akiuliza amwambie nini msichana anayemsubiri: mwambie wiki hii. Usimwambie "tatizo si wewe, ni mimi", maana hapa hakuna tatizo. Mwambie unachohisi kwake na usichohisi, kisha umwache aamue bila kumbembeleza.

Kikao cha pili ni Jumamosi baada ya Alasiri. Jana nilimpigia ami, nikamsomea zile ibara za uwalii. Alinyamaza kidogo, akasema, "Njoo nazo kwa maandishi." Mwenye Minhaj yenye tafsiri nzuri ya Kiswahili ya mlango wa nikaha anitumie kurasa zake kabla ya Ijumaa, nizichape nakala tatu. Moja ni ya mama.